SOMO LA UFUNDI NA HAKI: KUPAKA UPYA MAPAMBO YA NJE YA GARI KUUKUU



Wapo watakaouliza kwa nini gazeti la chama lizungumzie bampa na grili, wakati wasomaji wengi wako kiwandani au shambani. Jibu ni kwamba kila kiwanda kina malori yake, kila shamba kubwa lina karakana yake ya matrekta, na anayeambiwa “kapake hiyo” ni mfanyakazi mwenzetu. Tena vijana wengi kutoka kambi ya Nakivale, huko Isingiro, huja Mbarara kutafuta kibarua katika gereji, na kazi ya kwanza wanayopewa ni kushika msasa.

Huko Marekani wapo watu wanaotunza magari ya zamani yenye injini kubwa, kama Ford Mustang iliyotolewa mwaka 1964, na hulipa fedha nyingi ili vipande vyake vya kung’aa virudi kama vilivyokuwa. Kwetu gari la heshima la zamani ni Peugeot 504. Lilitoka mwaka 1968, likashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na watu wazima wanalikumbuka kama teksi ya safari ndefu. Mwenye gari la namna hiyo akilileta gereji, kwa kawaida hataki lipakwe lote. Hutaka bampa, grili, fremu za taa na mistari ya ubavuni. Fomani atasema ni kazi ndogo. Neno hilo “ndogo” ndilo la kuchunguzwa, maana kwalo mfanyakazi hupunjwa ujira na kudhurika mapafu.

Kwanza ijue mali uliyoshika. Chuma kitupu, kroma, alumini na plastiki havipakwi kwa njia moja. Chuma chenye kutu husuguliwa mpaka kutu yote iishe, hata ile iliyojificha kwenye mashimo madogo, kwa sababu kutu iliyobaki huendelea kula chini ya rangi. Kroma ndiyo yenye ukaidi. Ni ngumu na laini kama kioo, rangi haina pa kushika. Isugue kwa maji na msasa namba 320 hadi 400 mpaka mng’ao wote ufe, kisha tia praima yenye asidi, nyembamba, uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kroma iliyoanza kubanduka kama maganda haifai kufunikwa. Sehemu hiyo lazima itolewe kwanza, la sivyo rangi yako itabanduka pamoja nayo. Alumini pia hutaka praima ya asidi. Plastiki yataka praima yake yenyewe, na usiilowanishe kwa tina kali, itapasuka nyufa ndogondogo.

Kabla ya msasa wowote, osha kwa sabuni na upanguse mafuta. Wengi hugeuza utaratibu huu, wakasugua kwanza. Msasa huyasukuma mafuta na nta ndani ya mikwaruzo, na siku ya kupuliza rangi hukimbiana ikaacha matundu ya mviringo kama macho ya samaki. Hapo lawama humwangukia mpulizaji.

Kipande kinachofunguka, kifungue. Kisichofunguka, zungushia tepu ya karatasi na ufunike mwili wa gari kwa karatasi mbili, si moja, kwani tina hupenya. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, mwaga maji ya tangi la kompresa kila asubuhi. Rangi za kukauka haraka zikipulizwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hupata ukungu mweupe.

Sasa tupige hesabu ya jasho. Kupuliza bampa mbili na grili hakumalizi saa moja. Kufungua, kuosha, kusugua, kutia praima na kusugua tena huchukua siku nzima, pengine mbili. Anayelipwa kwa kipande hulipwa kama kwamba kazi ni ile saa moja tu. Matokeo yake huharakisha, rangi hubanduka baada ya miezi michache, na gari linaporudi hukatwa mshahara au hurudia kazi bure. Kwa hiyo mnapopatana na mwajiri, maandalizi yaandikwe peke yake kama kazi yenye saa zake na malipo yake.

Jambo la pili ni sumu. Rangi za kisasa za kuchanganya na hadina zina kemikali ziitwazo isosayaneti. Hizi huleta pumu, na mapafu yakishazichukia, hata kiasi kidogo sana humkaba mtu pumzi. Kitambaa puani hakizuii. Kinyago cha vumbi hakizuii. Wala usingoje harufu ikuonye, kwa sababu huweza kukudhuru bila kunusika. Kinga inayofaa ni kinyago kinachopelekewa hewa safi kwa mpira, katika chumba chenye feni ya kuvuta moshi nje. Rangi ya zamani ya manjano au nyekundu huweza kuwa na risasi. Isugue kwa maji ili vumbi lisiruke, na unawe kabla ya kula. Baadhi ya praima zina kromati ya zinki, iletayo saratani. Hatari ya risasi si habari mpya: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 13 kuhusu risasi nyeupe katika rangi, ukakataza vijana wa chini ya miaka 18 kupewa kazi za viwandani za kupaka rangi hiyo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda, ya mwaka 2006, inamtwika mwajiri wajibu wa kuwakinga wafanyakazi wake. Na kijana wa Nakivale asidanganywe kwamba yeye ni mgeni asiye na la kusema. Sheria ya Wakimbizi, nayo ya mwaka 2006, inamtambulia mkimbizi haki ya kupata ajira. Mapafu yake hayana uraia.

Mpulizaji anayekohoa usiku au kubanwa kifua jioni, kisha akapata nafuu siku za mapumziko, aende hospitali na amtajie daktari jina la rangi na hadina anayotumia. Kopo tupu lisitupwe. Achukue karatasi yake aende nayo. Nakala ya pili apewe katibu wa tawi, pamoja na tarehe alizofanya kazi hiyo.