Siku ya Tatu Mezani: Somo kwa Wanafunzi Wanaokwenda Ng'ambo

Mwanafunzi akichaguliwa kwenda kusoma ng'ambo kwa mwaka mmoja, ndugu humwuliza kuhusu viza, tiketi na makoti ya baridi. Ni wachache wanaomwuliza atajibu nini siku ya tatu, mezani, atakapoulizwa kama ameshiba. Somo hili linahusu siku hiyo na zinazofuata. Walimu, wazazi na vikundi vya vijana wanaweza kulitumia.

Mipango hii ilitoka wapi?

Mingi ilizaliwa na vita. AFS ilianza mwaka 1915 kama kikosi cha Wamarekani wa kujitolea waliobeba majeruhi kwa magari huko Ufaransa. Mwaka 1947 ikaanza kubadilishana wanafunzi wa sekondari. Mwaka 1951 vijana 75 wa Ujerumani walipokelewa majumbani huko Michigan, miaka sita tu baada ya nchi hizo mbili kumaliza kupigana. Wazo lilitoka kwa viongozi wa makanisa, na ndilo lililozaa Youth For Understanding. Mpango wa YES ulianzishwa na Marekani mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kwa ajili ya nchi zenye Waislamu wengi. Wanafunzi kutoka Kenya na Tanzania wamepitia humo.

"Hapana" ya kwanza

Kwetu mgeni akikaribishwa chakula hukataa kwanza kwa adabu, naye mwenyeji humsihi. Katika nyumba nyingi za Marekani, "hapana, asante" ni jibu kamili. Sahani huondolewa. Mwanafunzi hulala na njaa akidhani wenyeji ni wachoyo, na mama wa nyumba hulala akidhani mapishi yake hayakupendeza. Hakuna aliyekosa, lakini wote wawili wameumia.

Afanye nini? Aseme. "Kwetu tunakataa mara ya kwanza, tafadhali niulize tena." Maneno haya yakisemwa wiki ya kwanza huleta kicheko, na baada ya kicheko huja maswali juu ya nyumbani kwenu.

Yako mengine. Ukimtazama mwalimu chini kwa heshima, anaweza kudhani unaficha jambo. Na salamu ya korido haingoji jibu. Aliyekusalimu amekwisha pita. Kijana aliyezoea kuulizwa habari za nyumbani, za wazee na za masomo hubaki mdomo wazi. Nadhani hili huuma kuliko baridi.

Simu ya kilio

Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichapisha utafiti juu ya Wanorwe waliokuwa wamekwenda Marekani. Waliokaa chini ya miezi 6 na waliokaa zaidi ya 18 walikuwa wamezoea vizuri kuliko wale wa katikati. Furaha ya kufika hupungua kabla mazoea hayajakomaa. Basi mzazi, mwanao akipiga simu akilia mwezi wa tatu, usikimbilie tiketi ya kumrudisha. Msikilize, umwulize amekula nini, umpigie tena kesho.

Lakini uwe macho. Upweke wa kuzoea haufanani na kuteswa. Kama mtoto ananyimwa chakula, anaguswa vibaya, amenyang'anywa pasipoti au anazuiwa kusali, asivumilie kwa jina la adabu. Kanuni za Marekani zinamtaka mratibu wa eneo awasiliane na mwanafunzi kila mwezi. Namba yake iandikwe mahali mzazi anapoiona, na mtoto aambiwe kabla ya safari kwamba kuitumia si utovu wa shukrani.

Kurudi

Hapa wengi hawajajiandaa. John na Jeanne Gullahorn walieleza mwaka 1963 kwamba anayerudi nyumbani hushuka moyo mara ya pili. Binti anamwambia baba yake waziwazi, "Sikubaliani," kama alivyozoea darasani kule, na ukoo unasema amejifanya Mzungu. Mara nyingi rafiki zake wametangulia darasa moja. Hadithi zake zinachosha watu baada ya wiki mbili.

Zoezi la kikundi

Wawili waigize: baba, na binti aliyerudi juzi asiyekubaliana naye kuhusu shule atakayosoma. Aseme anachofikiri bila kumvunjia mzazi heshima, na baba amjibu. Kisha wabadilishane nafasi. Wazazi waliopo waseme ni wapi walichukizwa, na kwa nini.