Ploti Moja, Nyumba Mbili: Jinsi ya Kuweka Linux Kando ya Windows Bila Kupoteza Rekodi za Biashara

Kwa kawaida hapa tunaongea kuhusu simu, PIN na jumbe za matapeli. Leo tunahamia kwa kompyuta, na tuna sababu nzuri.

Wengi wenu mnaotuandikia kutoka Umoja, Kayole, Donholm, Buruburu na Dandora mna biashara. Una saiba, duka la dawa, hadiwea, ama unauza nguo ukipokea malipo kwa till. Jioni unafungua laptopu, unapakua taarifa ya malipo, unalinganisha na daftari la madeni. Laptopu yenyewe mara nyingi ni mtumba, imekuhudumia miaka mingi na inaendeshwa na Windows 10.

Shida iko hapo. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kuna njia ya kujiandikisha ili kuongezewa muda hadi 13 Oktoba 2026, lakini huo ni muda wa kujipanga tu. Windows 11 nayo inachagua mashine. Inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida inakubali kuanzia kizazi cha nane. Laptopu nyingi za mitumba hazifiki hapo. Mashine bado inafanya kazi poa, ila kila pengo jipya la usalama litakaloonekana litabaki wazi.

Kuna suluhisho lisilohitaji laptopu mpya: kuweka Linux kando ya Windows kwa mashine ileile.

Linux ni nini, na kwa nini usiondoe Windows kabisa?

Linux ilianza mwaka wa 1991. Aliyeianzisha ni Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Finland. Ni ya bure, na kama simu yako ni ya Android, tayari unaitumia kila siku bila kujua, kwa sababu Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Hata kwetu Afrika Mashariki si jambo geni. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure iliyoongea Kiswahili.

Lakini bado unaihitaji Windows. Programu yako ya kuchapisha risiti huenda haina toleo la Linux. Faili za Excel zenye makro, kama ile ya kujaza marejesho ya ushuru kwa iTax, hufanya kazi vizuri zaidi kwa Excel yenyewe. Hutaki kufika mwisho wa Juni, foleni ya marejesho imejaa, halafu faili ikatae kufunguka.

Kwa hivyo fikiria ploti ya hapa mtaani. Ni ploti moja, nyumba mbili, geti moja. Diski ya kompyuta ndiyo ploti. Windows ina nyumba yake na Linux ina yake. Unapowasha mashine, keateka wa geti anakuuliza: leo unaingia kwa nani? Unachagua moja. Nyumba zote mbili hazifunguliwi kwa wakati mmoja.

Kabla ya kugusa chochote

Tuwe wakweli. Sisi wenyewe tulipojaribu hii kazi mara ya kwanza kwa laptopu ya ofisi, tuliruka hatua ya pili hapa chini. Tulipojaribu kurudi kwa Windows tukakutana na skrini ya buluu ikitaka ufunguo wa tarakimu 48, na hakuna aliyejua uko wapi. Tulipoteza siku nzima kuutafuta. Ingekuwa ni mashine ya duka, hiyo ni siku nzima bila rekodi. Usirudie makosa yetu.

Kwanza, weka nakala. Chukua faili zote za biashara, yaani taarifa za malipo, orodha ya madeni, picha za bidhaa na barua, uziweke kwa diski ya nje au flashi nyingine. Halafu fungua nakala hizo kwa kompyuta tofauti uone kama zinasomeka. Nakala ambayo hujaijaribu si ya kutegemea.

Pili, tafuta ufunguo wa BitLocker. Windows inaweza kuwa imefunga diski yako kwa siri bila wewe kukumbuka. Andika "BitLocker" au "Device encryption" kwa sehemu ya kutafuta uone kama imewashwa. Kama imewashwa, ingia kwa akaunti yako ya Microsoft, nakili ule ufunguo kwa karatasi na uweke karatasi mahali salama. Usiuache ndani ya laptopu hiyohiyo.

Tatu, zima "Fast Startup". Ukizima Windows kawaida, haizimiki kabisa. Inalala nusu ili iwake haraka kesho. Linux ikijaribu kuandika kwa diski ya mwenzake aliyelala nusu, faili zinaweza kuharibika. Nenda Control Panel, kisha Power Options, kisha "Choose what the power buttons do", uondoe alama hapo.

Nne, fikiria stima. Stima ikipotea katikati ya kugawa diski, unaweza kupoteza kila kitu. Chaji betri ijae na uache chaja ikiwa imechomekwa. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS, usifanye kazi hii siku ambayo stima inacheza.

Hatua kwa hatua

1. *Tenga nafasi.* Ukiwa ndani ya Windows, fungua "Disk Management". Bonyeza diski C kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague "Shrink Volume". Kwa kazi za kawaida, GB 50 zinatosha. Andika 51200, kwa sababu hapo wanahesabu kwa MB. Nafasi itakayobaki tupu usiipe jina wala usiiformati. Hiyo ndiyo kiwanja cha nyumba ya pili.

2. *Andaa flashi.* Linux iko ya aina nyingi. Kwa mtu anayetoka Windows tunapendekeza Linux Mint, na kama mashine ina RAM ya GB 4, chukua toleo linaloitwa Xfce kwa sababu ni jepesi. Pakua kutoka kwa tovuti rasmi ya Linux Mint pekee. Faili ni kubwa, karibu GB 3, kwa hivyo tumia Wi-Fi badala ya bando za simu. Kisha tumia programu ya bure ya Rufus kuiweka kwa flashi ya GB 8 au zaidi. Kumbuka Rufus itafuta kila kitu kilicho kwa hiyo flashi.

3. *Onja kwanza.* Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP nyingi. Chagua flashi. Linux itafunguka bila kugusa diski yako. Jaribu Wi-Fi, sauti, printa. Kama printa imekataa, ni afadhali ujue sai kuliko baada ya kuweka.

4. *Weka.* Bonyeza "Install". Utafika mahali unaulizwa unataka kuweka vipi. Soma polepole. Unayotaka inasema "Install Linux Mint alongside Windows". Nyingine inasema "Erase disk", na hiyo inabomoa ploti nzima, nyumba ya Windows na vyote vilivyomo. Kama ile ya kwanza haionekani, simama. Toka, zima, uliza fundi. Usibahatishe.

5. *Washa upya.* Ukimaliza, toa flashi. Sasa kila ukiwasha utaona orodha fupi ikikuuliza Linux ama Windows. Ingia Windows mara moja kuhakikisha bado iko sawa.

Kwa nini saa inarudi nyuma masaa matatu?

Hili litakushangaza, kwa hivyo tunakuambia mapema. Ukitoka Linux ukaingia Windows, unaweza kukuta saa ya kompyuta iko nyuma kwa masaa matatu. Mashine haijaharibika. Linux huweka saa ya ndani kwa saa za dunia, UTC, na Windows huisoma kama saa za Nairobi. Tofauti yetu na UTC ni masaa matatu.

Kwa mfanyabiashara hii si kitu kidogo. Malipo yaliyoingia saa kumi jioni kwa simu yataandikwa saa saba mchana kwa programu ya duka, na ukilinganisha jioni utadhani mtu ameiba. Dawa ni amri moja. Ndani ya Linux fungua "Terminal", andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Weka nywila yako, na saa zitakubaliana.

Jambo lingine: sasisho kubwa la Windows likipita, wakati mwingine mashine inaingia Windows moja kwa moja bila kukuuliza. Linux haijapotea. Ingia kwa mipangilio ya BIOS, urudishe Linux iwe ya kwanza kwa mpangilio wa kuwasha.

Kazi gani ifanyike upande gani?

Ushauri wetu: fanya kazi za pesa na akaunti upande wa Linux. Barua pepe, eCitizen, kupakua taarifa za malipo, yote hayo yanahitaji brauza tu. Windows iachie programu ya risiti na faili za Excel za ushuru, na usiiweke kwa intaneti bila sababu. Programu za "kukraki" ambazo watu hupeana kwa flashi ziache kabisa. Nyingi hubeba programu za kuiba nywila.

Lakini Linux si hirizi. Tapeli akikupigia akupe stori na umtajie namba ya siri uliyotumiwa, haijalishi unatumia kompyuta gani. Na tukumbushane tofauti ambayo huwachanganya wengi: PIN ya KRA ni namba ya mlipa ushuru, unaweza kuiweka kwa ankara. PIN ya pesa ni yako peke yako na haiandikwi kwa kompyuta, iwe Windows au Linux. Ukurasa wowote unaoiomba ni wa wizi.

Ukimpa fundi

Si lazima ufanye mwenyewe. Mafundi wa mtaa wengi wanaijua kazi hii vizuri. Ila toka kwa akaunti zako zote kwanza, baki na simu yako na laini yako, na ukae hapo mpaka amalize. Mwambie wazi: "Nataka Linux kando ya Windows, usiformati." Na nakala zako ziwe nyumbani tayari.

Na kama mashine ni moja tu na ndiyo inauza, usifanye mwisho wa mwezi. Kama diski yake ni ndogo sana, au si yako, tumia Linux kwa flashi tu bila kuiweka. Utaijua taratibu, na siku ukiwa tayari hutaogopa.

Una swali? Tuandikie kupitia huduma kwa wateja ndani ya programu yetu. Tutakusaidia, na kama kawaida, hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN yako.