Jua Haki Zako: Bosi Anakuita Mjeuri, Kumbe Una Usonji

Msimu wa kahawa ukikolea, ghala la Kanazi, Bukoba, halikaliki. Mashine inanguruma, wakulima wanagombania mizani, meneja anatoa amri tatu kwa pumzi moja. Tuseme karani wa ghala hilo ana usonji. Hesabu zake hazipotezi hata kilo. Lakini kelele zikizidi anaziba masikio na kutoka nje, na ukimsemesha hakutazami usoni. Meneja anamwita mjeuri. Wenzake wamempa jina baya zaidi, ambalo siliandiki.

Tuanze na jina hilo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na unyanyasaji kinauhesabu kuwa ubaguzi. Usonji hakiutaji. Wengi hukwama hapo, maana ukisema ulemavu watu wanatafuta fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatazama mbali zaidi: mtu kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha sawa na wengine, sababu iwe ya kimwili, kiakili au kijamii. Karani wetu ana hoja.

Ila meneja hawezi kurekebisha asichokijua. Mwandikie barua fupi, utaje unachohitaji: amri ziandikwe, meza isogezwe mbali na mashine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unataka marekebisho yanayofaa yafanyike kazini. Baki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea. Maneno ya mdomo, hata yawe ya kweli namna gani, ni kazi kuyathibitisha.

Ukiachishwa je? Kifungu cha 37 cha ile Sheria ya Ajira ya 2004 kinasema ulemavu si sababu halali. Mwajiri akisingizia utendaji duni, kanuni za 2007 za sheria hiyo zinamtaka kwanza achunguze, akuelekeze na akupe muda wa kujirekebisha. Hapa vibarua wa msimu wasikie vizuri: kinga hii haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Kwa hiyo usitupe mikataba ya misimu iliyopita. Marufuku ya ubaguzi haingoji miezi hiyo. Inamlinda hata anayeomba kazi.

Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Bukoba, kwa Fomu Namba 1, na mwajiri apewe nakala. Ukiachishwa una siku 30. Madai mengine siku 60. Siku 30 huisha upesi kwa mtu anayengoja wazee wakamwombee radhi kwa bosi. Waende, lakini fomu nayo iende.

Na kama kuzungumza mbele ya wageni kunakufunga ulimi, sheria inakuruhusu kuwakilishwa na chama cha wafanyakazi, wakili au mtu uliyemchagua mwenyewe. Dada yako anaweza kukaa kiti hicho.