Ukijiona Umekwama: Picha Nne, Karatasi na Kalamu

Unaamka, unaoga, unakwenda kazini, unasalimia majirani, lakini unaona kama mtu mwingine ndiye anayefanya hayo yote na wewe unamtazama kwa mbali. Chakula hakina ladha, na mipango ya mwaka jana bado iko palepale. Usikimbilie kusema umerogwa au umeshikwa na kichaa. Hali hii huweza kuletwa na uchovu wa muda mrefu, msiba, hofu, kukosa usingizi, pombe au bangi. Na hapa Kisangani wapo ambao bado wanabeba kumbukumbu za Vita vya Siku Sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya nyumba zetu.

Siku hizi vijana wengi huona kwenye simu watu wakifungua karata za taroti na kuwaambia yatakayowapata. Taroti ni nini? Ni karata 78 zenye picha. Zilianza Italia katika karne ya 15, zikiwa za mchezo tu. Mwishoni mwa karne ya 18 ndipo Wafaransa walipoeneza desturi ya kuzipigia ramli. Karata ya 12 ina mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini. Kwa Waitalia wa zamani huyo alikuwa msaliti anayeadhibiwa. Katika karata zilizochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909, uso wake umetulia, na wengi husema ni mtu aliyesimamishwa ili atazame maisha yake kwa upande mwingine.

Sisi wa mkoa wa Tshopo, picha ya namna hiyo si ngeni kwetu. Wambole wa upande wa Opala walichonga sanamu za miti zinazoitwa ofika, zikionyesha watu walionyongwa kwa hukumu ya chama cha Lilwa, na vijana waliokuwa wakiingizwa katika chama hicho walionyeshwa ili wafundishike. Sanamu haikutabiri kitu. Ilimfanya kijana afikiri. Hivyo ndivyo ninavyokushauri utumie picha: karata haikujui wala haioni kesho yako, lakini inaweza kukuuliza swali ambalo umekuwa ukilikwepa.

Huhitaji kununua karata. Chana karatasi moja ya daftari vipande vinne, uchore mwenyewe: mtumbwi uliofungwa ukingoni, mtego wa samaki wa Wagenia katikati ya maji makali, mlango uliofungwa nusu, na mtu aliyening'inia kwa mguu. Kuchora vibaya si kitu. Kabla ya kuanza, keti, kanyaga sakafu kwa miguu mitupu, nawa uso kwa maji baridi, kisha taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Hilo hurudisha akili mahali mwili ulipo. Hata usipofanya mengine yote, hili lifanye.

Sasa geuza picha, changanya, chukua moja. Andika unachokiona, kisha mahali kinapogusa maisha yako, kisha jambo moja dogo unaloweza kulifanya kabla ya kesho jioni. Aliyepata mtumbwi anaweza kuandika: "Kamba ni deni la shemeji, kesho nitamwendea tupange namna ya kulipa." Jambo liwe dogo kweli. Mara moja kwa wiki inatosha. Ukijikuta unachukua picha tena na tena ukitafuta jibu unalolipenda, acha. Imani yako ikikataza karata, acha picha, uandike tu mahali ulipokwama na jambo moja dogo unaloweza kulifanya.

Jihadhari na anayekuambia una "blokaji", yaani kizuizi, na kwamba ataifungua kwa malipo: leo mshumaa, kesho kuku, keshokutwa dola. Akimtaja mtoto wa nyumbani kuwa ndoki, yaani mchawi, anayekufunga, ondoka hapo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi, na mtoto huyo ndiye atakayeumia.

Lini uende kwa daktari? Hali ikidumu wiki mbili, karibu kila siku, au ukishindwa kulala, kula au kufanya kazi. Anza na kituo cha afya cha karteri yako, maana malaria na upungufu wa damu pia hulegeza mwili na akili. Mkazi wa Lubunga, ng'ambo ya mto, asisubiri mpaka apate nauli ya kuvuka; aanze na kituo cha huko huko. Ukihitaji zaidi, iko Hospitali Kuu ya Makiso-Kisangani na kliniki za Chuo Kikuu cha Kisangani. Chuo hicho kina pia kitivo cha saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia; ulizia huko mtu wa kuzungumza naye. Kabla ya kuandikishwa, uliza bei ya fishi, ya kuonana na daktari na ya vipimo, kila moja peke yake. Beba karatasi ulizoandika, zitakusaidia kueleza.

Mawazo ya kutaka kufa yakikujia, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu siku hiyohiyo, usilale peke yako, mpe jirani dawa na sumu zote za nyumbani azitunze, kisha mpande pikipiki au toleka, yaani baiskeli ya abiria, mwende hospitali pamoja.