Miaka Miwili, na Neno Lake ni "Mama" Tu

Maswali yameletwa na wazazi. Anayejibu ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha kwa watoto.

Mwanangu ametimiza miaka miwili, neno lake ni "mama" tu. Bibi yake anasema wavulana huchelewa, tungoje. Tungoje?

Bibi hakukosea sana. Kwa wastani wavulana huwa nyuma ya wasichana, lakini ni kwa mwezi mmoja au miwili, si mwaka mzima. Mtoto wa miaka miwili tunategemea awe na maneno kama 50 na awe ameanza kuyaunganisha mawili mawili: "taka maji", "baba kuja". Kwa hiyo msingoje. Anzeni na masikio. Kuna mtoto anayeshtuka mlango ukibamizwa, lakini sauti nyembamba kama "s" na "f" hazimfikii; na anayeugua masikio mara kwa mara anaweza kuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, leo anasikia, kesho hasikii vizuri. Halafu mwambie "lete kiatu" bila kukionyesha kwa mkono. Akikileta, na akiwa na tabia ya kukuonyesha vitu kwa kidole huku akikutazama, wasiwasi wangu unapungua. Asipofanya hivyo, mleteni mapema zaidi.

Jirani anasema akakatwe kimeo.

Hapana. Kimeo hakizuii maneno, na kukikata mitaani kumewaletea watoto kutokwa na damu nyingi na maambukizi. Utando ulio chini ya ulimi ni habari nyingine: ukiwa mfupi unaweza kusumbua kunyonya, pengine na matamshi ya herufi chache, na daktari anaweza kuutazama. Lakini mwenye tatizo hilo huongea, ila hatamki sawasawa. Hakosi maneno kabisa.

Kliniki mtaalamu alicheza naye kwa gari la plastiki, kisha akaanza kunifundisha mimi. Nililipia nini?

Ulilipia hicho hicho. Mimi namwona mwanao chini ya saa moja kwa wiki; wewe unamwogesha, unamlisha, unambeba kwenda dukani. Kituo cha Hanen cha Kanada kimejenga kazi yake juu ya hilo tangu 1975: kinamfundisha mzazi kutazama, kungoja na kusikiliza.

Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Tunamuuliza mtoto, na kabla hajavuta pumzi tumeshamjibia. Jaribu hivi: mwagie maji kidogo mgongoni wakati wa kuoga, kisha simamisha kikombe hewani. Nyamaza. Hesabu kumi moyoni, mtazame usoni. Chochote atakachotoa, iwe mguno, mkono au "ma", kichukue kuwa ni neno: "Maji! Maji tena!" na umwagie. Akishazoea kusema "maji", wewe ongeza moja: "maji baridi". Usimrukie na sentensi ndefu. Na punguza "hii nini?" na "sema embe". Huo ni mtihani, na mtoto anayefeli mtihani kila siku huacha kujibu. Badala yake shika embe na ndizi, uliza anataka ipi, ungoje tena.

Wamependekeza atumie picha kuomba vitu. Hazitamfanya mvivu wa kusema?

Utafiti hauonyeshi hivyo. Baadhi ya watoto huongea zaidi wakizitumia. Njia inayoitwa PECS, iliyobuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, huanza na watu wazima wawili. Mmoja hukaa mbele ameshika biskuti. Mwingine hukaa nyuma ya mtoto, kimya, na kuuongoza mkono wake utoe picha ya biskuti. Hakuna anayemwambia "omba". Mtoto anajifunza kwamba akimwendea mtu, jambo linatokea, na hapo ndipo mazungumzo huanzia. Nyumbani, hata karatasi ya pakiti ya biskuti inatosha.

Tunaongea Kisukuma na Kiswahili. Tumeshauriwa tuache kimoja.

Msiache. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na mkiondoa Kisukuma mmemwondolea bibi. Mnapohesabu maneno yake, hesabuni ya lugha zote mbili.

Dada yake wa miaka minne ameanza kigugumizi. Tumwambie aongee polepole?

Afadhali ninyi ndio muongee polepole. Kigugumizi cha umri huo mara nyingi hupotea chenyewe. Kikiendelea, ipo njia ya Lidcombe, iliyoanzia Sydney, Australia. Mzazi hutenga muda kila siku wa kucheza na mtoto, na anapoongea bila kukwama humsifu kwa wepesi: "Hiyo imetoka laini!" Sifa ziwe nyingi kuliko masahihisho, na mtaalamu asimamie, maana ikifanywa ovyo mtoto huanza kujiona ana kasoro.

Wilayani kwetu hakuna mtaalamu wa usemi.

Ni kweli, Afrika Mashariki tuko wachache. Makerere ilianza kutufundishia wataalamu mwaka 2008 tu. Anzieni kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa ya mkoa, muombe apimwe usikivu. Nendeni na video ya dakika mbili tatu ya mtoto akicheza nyumbani, kwa sababu akimwona mtu mwenye koti jeupe atanyamaza kimya.