Betri Imehamia Buti, Stata Inasuasua

Swali: Nilihamishia betri ya gari langu kwenye buti. Asubuhi za baridi hapa Nakuru stata inazunguka kwa shida, na betri ni mpya. Tatizo ni nini? – Msomaji, Nakuru

Jibu: Nashuku waya. Stata ya injini ndogo huvuta takriban ampea 200. Kwenye mita 5 za waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, zaidi ya volti 1 hupotelea njiani. Wa milimita 50 hupoteza kama theluthi ya volti. Weka huo mnene, kisha fungua nati ya waya wa hasi kwenye bodi. Ukikuta rangi chini yake, kwangua mpaka chuma king'ae. Waya wa kutoka injini hadi bodi nao uwe mnene vilevile.

Kinachonitia hofu ni fyuzi. Iwe karibu kabisa na betri, kule nyuma. Barabara ya murram ikitikisa waya hadi uchubuke kwenye tundu la bodi lisilo na raba, fyuzi ya mbele haikusaidii chochote: waya utawaka moto. Betri ifungwe imara, na gesi yake itolewe nje kwa mpira, kwani hulipuka.

Tafadhali usiliendeshe gari hilo kabla ya kuweka fyuzi.