Kusoma Uso wa Mbwa

Kinywa wazi, pembe za midomo zimevutwa nyuma, ulimi nje: huo ndio uso ambao watu huuita tabasamu la mbwa. Mara nyingi ni uso wa mnyama aliyetulia kweli. Lakini mbwa hatoki jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza kwa kutweta, kwa hiyo akitoka kukimbia au akikaa juani huwa na uso karibu uleule hata kama hana furaha yoyote. Tofauti iko kwenye misuli. Aliyeridhika ana kinywa na macho yaliyolegea, na mwili hali kadhalika. Aliyezidiwa na joto huvuta midomo hadi meno ya nyuma yaonekane, na ulimi hutanuka kwenye ncha. Huyo anahitaji kivuli na maji, si kupigwa picha.

Meno ndiyo hupotosha zaidi. Wapo mbwa wanaokenua meno ya mbele wanapompokea bwana wao: kichwa kimeinama, masikio yamelala, macho yamefinywa, kiwiliwili kinajipindapinda. Huko ni kunyenyekea, na Charles Darwin alishakueleza katika kitabu cha mwaka 1872. Mbwa anayetisha naye hukenua, ila pua hukunjamana, macho hukodoka bila kupepesa na mwili hukakamaa. Ndiyo maana mwili hutazamwa kwanza, mdomo baadaye. Watoto wadogo huanzia kwenye meno, wakadhani ni kicheko.

Kabla ya kunguruma huwa kuna ishara za chini chini: kulamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukibaki kuonekana. Mbwa anayekumbatiwa huzionyesha mara nyingi, na anayemkumbatia hawezi kuziona.

Uso wa "kukiri kosa", macho chini na mkia umefyatwa, ulipimwa na mtafiti Alexandra Horowitz wa New York mwaka 2009. Mbwa waliuonyesha uso huo kwa sababu ya kukaripiwa, wawe wamekula kitu walichokatazwa au la. Kumchapa mbwa kwa ushahidi wa namna hiyo ni kumwonea.

Zimebaki nyusi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, waliwachunguza mbwa 24. Nyuso zao zilichezacheza zaidi mtu alipokuwa amewageukia kuliko alipowapa mgongo, na kuonyeshwa chakula hakukuleta athari kama hiyo. Miaka miwili baadaye ulielezwa msuli mdogo unaoinua nyusi upande wa ndani. Mbwa wa kufugwa wanao. Kwa mbwa-mwitu wa kijivu wa nchi za baridi, mara nyingi ni nyuzi chache tu. Nyusi zikiinuka, jicho huonekana kubwa na lenye huzuni. Mbwa anaweza kuwa hana huzuni hata kidogo, ila anamtazama mtu anayemtazama.